Dumu la Maji ya Mweru

Dumu lilikuwa la njano, la lita ishirini, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kipande cha nailoni na kukazwa kwa mpira wa baiskeli. Mzee Chomba alilibeba begani kutoka langoni mwa makaburi hadi mahali nilipokuwa nikifanya kazi, akakataa kusaidiwa. Alilitua kando ya zege langu, akajifuta jasho kwa kiganja, akasimama. Zege lilikuwa tayari. Nilikuwa nimelichanganya kwa koleo langu mwenyewe: mifuko miwili ya saruji, mchanga wa mtoni, kokoto niliyoichekecha, na maji niliyoyapima kopo kwa kopo. Lilikuwa zege la kusimama, ambalo ukilichota linatulia juu ya koleo wala halichuruziki. Fundi akifika hapo, ndoo ya maji huiweka mbali.

"Fundi," akasema, "hii ni mayi ya ku Pweto. Mayi ya Mweru. Utie mu béton ya yaya."

"Papa Chomba, béton inashakunywa. Mayi inatosha."

"Béton inakunywa. Yaya, yeye, bado." Alimaanisha kaka yake mkubwa, mwenye kaburi.

Nyuma ya mzee ukoo mzima ulikuwa umesimama, wanawake wamejifunga vitenge vya aina moja, wote wakiniangalia mimi na koleo langu. Mjane wa marehemu, Mama Delphine, alikuwa amekaa peke yake kwenye ukingo wa kaburi la jirani, kichwa chini. Ilikuwa Oktoba, saa tatu asubuhi, na jua la Lubumbashi la mwezi huo halielezwi kwa anayelijua. Asiyelijua aamini tu. Nikasema kimoyomoyo: kataa. Kisha nikamwona mzee analia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalikuwa yanashuka tu huku akihangaika kulifungua lile dumu, na ule mpira ukimshinda vidole. Nikampokea, nikaufungua mimi.

Miaka saba imepita, na bado vidole vyangu vinaukumbuka ule mpira.

Mimi ni Aboubakar, fundi mwashi wa mtaa wa Hewa Bora. Babu yangu alikuja kutoka Maniema na msumeno mmoja na msahafu mmoja. Sisi ni Waislamu, na makaburi yetu ni udongo: tunamfukia mtu, tunaweka alama, tunamwombea, tunarudi nyumbani. Udongo ukipasuka wakati wa kiangazi, hakuna anayeitwa kuulizwa. Lakini kwa miaka ishirini riziki yangu ilitoka kwenye makaburi ya Wakatoliki, bamba la zege, msalaba, jina, tarehe mbili. Mke wangu Mariam alikuwa akinitania kwamba nawalaza wafu wa watu vizuri kuliko ninavyomlaza yeye, maana paa letu lilikuwa linavuja.

Marehemu Léonard Kapya nilimfahamu kwa salamu. Alikuwa mtu wa reli, mstaafu, nyumba yake mitaa miwili kutoka kwetu. Alizaliwa Pweto, kule ziwa Mweru linakoishia, na ingawa aliishi mjini hapa zaidi ya miaka arobaini hakuacha kulitaja. Akinywa maji ya bomba alikunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini. "Mukinizika huku," alikuwa akiwaambia watu, "nitalala na kiu." Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao.

Alifariki Februari, mvua ikiwa imeikata barabara ya kaskazini na malori yamezama kwenye tope hadi milangoni. Mama Delphine alingoja siku nne. Siku ya tano akaamua mumewe azikwe Lubumbashi. Ndugu wa mume kule Pweto walipata habari kwa simu, kaburi likiwa limeshafukiwa. Hawakumgombeza, lakini hawakumsamehe pia.

Ndiyo maana walipokuja Oktoba kumjengea kaburi, ili libarikiwe Siku ya Marehemu Wote na kilio kitolewe, mjane avue nguo nyeusi, Mzee Chomba alikuja na lile dumu. Yeye ndiye mdogo wake Léonard aliyebaki. Aliyateka maji mwenyewe, akasafiri nayo siku tatu juu ya lori, akililalia dumu ili lisiibiwe. Kama kaka yake hakuweza kupelekwa kwenye maji, basi maji yaje kwa kaka yake. Sasa niambie wewe, fundi gani angemwambia mtu kama huyo kwamba lita ishirini ni nyingi?

Baba yangu angemwambia. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na alikuwa na neno lake moja: zege halikauki, zege linakomaa. Wengi hawalijui hilo. Wakiona zege jipya limepasuka wanasema saruji ilikuwa haba, fundi ameiba. Mara nyingine ni kweli, sitawaapia mafundi wenzangu wote. Lakini zege bichi hupasuka zaidi kwa sababu ya maji. Saruji ina kipimo chake, kama unga wa bukari, ugali wetu. Ukizidisha maji, yale ya ziada hayana kazi. Yanakaa tu katikati ya mchanga na kokoto yakingoja kutoka, na yakitoka yanaacha nafasi tupu, na zege linasinyaa. Likiwa juani na upepo unavuma, mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwa sababu uso wake unapoteza maji upesi kuliko tumbo lake. Juu kunataka kusinyaa, chini hakujawa tayari. Linajivuta lenyewe kwa lenyewe mpaka linachanika.

Kwa hiyo fundi anayejua hutia maji machache ndani, kisha humwaga mengi nje. Huo uso ukishashika tu, analifunika zege kwa magunia yaliyoloweshwa, na analinywesha asubuhi na jioni kwa siku saba. Maji ndani ni adui, maji juu ni dawa. Baba alinichapa mara moja tu katika maisha yangu yote, na ilikuwa kwa ajili ya ndoo moja ya ziada.

Dumu zima likaingia. Lilipofika nusu nilijaribu kulisimamisha, nikasema hii nyingine tubakize ya kunyunyizia juu. Mzee akanishika mkono.

"Yote, fundi. Usimubakishie kiu."

Zege likalegea, likawa uji. Nilipolimwaga ndani ya kiunzi cha mbao lilitambaa lenyewe hadi pembeni, na shangazi mmoja akapiga kigelegele kwa jinsi lilivyokuwa laini. Nilisawazisha kwa mwiko, uso ukang'aa. Kila mtu alisema ni kaburi zuri. Maji yalikuwa yanaelea juu yake, na mimi niliyaona, nikaendelea kupokea sifa.

Hata hapo zege lingeweza kuokolewa. Desturi yangu ilikuwa kukaa. Nikishamwaga bamba, nakaa kando yake na magunia yangu na ndoo yangu hadi jua lizame. Watu wa makaburini walinizoea, walikuwa wakisema Abou anaomboleza kuliko wenye maiti. Lakini siku ile Mzee Chomba alinijia akasema twende tukakule. Nikamwambia nakuja baadaye. Akanitazama vibaya. Kwao, mtu aliyemjengea marehemu asipokula chakula cha marehemu, ana jambo analolificha. Gunia nisingeweza kuliweka saa ile, maana uso ulikuwa bado laini na lingeacha alama. Nikajiambia: nusu saa, nitarudi. Nikayaacha magunia yamekunjwa chini ya toroli, nikawafuata nyumbani kwa marehemu.

Ukweli ni kwamba samaki wa Pweto alikuwa mtamu. Walikuwa wamemkausha kwa moshi, wakampika na mafuta ya mawese na mchicha wa lengalenga, na bukari ilikuwa moto. Nilikula, nikaongezwa, nikala tena. Watu walikuwa wananiita fundi mukubwa. Niliona upepo ukiinua turubai la uani na kulipiga, nikajua upepo huohuo uko makaburini, nikanawa mikono taratibu. Niliporudi ilikuwa saa tisa alasiri.

Nyufa zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa fupi, za pembeni. Ya tatu ilianza pale msalaba utakaposimama, ikashuka katikati hadi miguuni, nyembamba kama uzi wa mshonaji wa Kamalondo, lakini ndefu, na haikuyumba. Nilipiga magoti nikaipitishia ukucha. Ukucha uliingia.

Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliijua methali hiyo tangu utotoni. Nikachanganya saruji na maji kidogo katika kopo, nikaipaka kwa brashi juu ya bamba lote, mara mbili. Ikafunika. Kisha nikaleta magunia yangu na kwa siku saba nililowesha lile bamba kwa bidii ya mtu aliyechelewa. Siku ya nane niliondoa mbao, nikasimika msalaba. Kaburi lilikuwa safi, na mimi nikaanza kuliamini.

Siku ya Marehemu Wote makaburi yalijaa watu na mishumaa. Mimi nilialikwa kama fundi, nikasimama nyuma, kofia mkononi. Padri alisali, akachovya kinyunyizio chake, akalinyunyizia kaburi maji ya baraka, mara moja, mara mbili, mara tatu. Bamba likalowa lote, likawa jeusi. Kwaya ikaimba. Jua lilikuwa kali, na maji yakaanza kukauka, bamba likirudi kwenye weupe wake kidogo kidogo, kutoka pembeni kuelekea katikati.

Lakini pale katikati hapakukauka. Mstari mmoja ulibaki umelowa, mweusi, kutoka msalabani hadi miguuni. Yale maji yalikuwa yameingia kwenye ufa na kukaa humo. Ile rangi yangu ya saruji ilikuwa imeshapasuka pamoja na zege lililo chini yake, na ufa ambao jicho halikuweza kuuona ukiwa mkavu, sasa kila mtu aliuona.

Kwaya ilinyamaza kabla wimbo haujaisha. Mzee Chomba alisogea, akainama.

"Angalieni," akasema. "Anakunywa. Tulimuletea mayi, na bado anakunywa." Akainuka, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Yaya anakatala. Anakatala kulala huku." Kisha akamgeukia mjane. "Shemeki, ulimufanya nini mukubwa yangu?"

Mama Delphine alikuwa katika nguo nyeusi tangu Februari. Aliuangalia ule mstari, akaniangalia mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa mbele ya macho yake tu, kisha akamjibu shemeji yake kwa sauti ya chini.

"Sikumufanya kitu. Nilimuzika."

"Ulimuzika mbio mbio," akasema shangazi mmoja. "Ulikuwa unaogopa nini?"

Padri alijaribu kuwatuliza. Binti wa marehemu, Bénie, alianza kulia na kumshika mama yake mkono, akavutwa upande wa ukoo wa baba. Mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka hapo, mtu mmoja tu kati ya mia mbili aliyejua ufa ule umetoka wapi. Nikavaa kofia yangu. Nikaenda nyumbani.

Mariam ndiye aliyeniletea habari, maana alikuwa akimpelekea Mama Delphine uji. Nyumba ya marehemu ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa Mzee Chomba. Godoro la mjane na masufuria yake vilikuwa vimewekwa barazani. Kilio hakikutolewa, angebaki na nguo zake nyeusi. Ukoo ungekaa kikao siku ya tano, na kila mtu mtaani alijua kikao hicho kitasema nini: kwamba awe alimuua mumewe au alimkosea tu, marehemu mwenyewe ameshatoa ushahidi, na mwanamke huyo arudi kwao bila nyumba, bila Bénie, na jina la mchawi juu ya kichwa chake.

"Weye njo fundi," Mariam akaniambia. "Ile fissure ya kaburi inatoka wapi?"

Nilimweleza yote, dumu, samaki, brashi. Alisikiliza huku akichambua mchele, na nilipomaliza alikuwa hajainua kichwa.

"Basi wende useme."

"Niseme nini? Niseme mayi yake njo ilipasua kaburi ya mukubwa yake? Mbele ya bantu yake yote? Ule muzee alilala juu ya ile bidon siku tatu, Mariam."

"Na Mama Delphine analala wapi?"

Ningeweza kumwokoa mjane kwa kumvunja mzee, na hilo ningelifanya kama pasingekuwa na njia nyingine, Mungu ni shahidi. Lakini makosa yalikuwa mawili, la maji na la jua, na la jua lilikuwa langu peke yangu. Nikaamua kulibeba hilo, nione kama litatosha.

Mimi si mtu wa maneno. Nilipigilia mbao, nikatengeneza visanduku viwili vipana na vifupi, nikachanganya zege moja, la kipimo, nikajaza vyote viwili. Kimoja nilikifunika kwa gunia lililolowa, nikakiweka kivulini jikoni. Kingine nilikipandisha juu ya paa, wazi. Siku ya kwanza mawingu yalifunika mji, na zege la juu ya paa halikupata hata mkwaruzo. Siku ya pili nikamwaga jingine. Kwa mara ya kwanza maishani niliomba dua zege langu lipasuke. Upepo ulikuja mchana, mkavu, wenye vumbi jekundu, na kufikia alasiri lilikuwa limechanika sehemu nne.

Siku ya kikao nilivisukuma visanduku vyangu kwa toroli hadi nyumbani kwa marehemu. Walikuwa wamekaa uani kwa duara, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na Mama Delphine kwenye ngazi ya baraza kando ya godoro lake. Hakuna aliyenialika. Nilivitua katikati.

"Bandugu," nikasema, "munisamehe. Hii mbili ni ciment moya, muchanga moya, mayi moya. Hii nilifunika. Hii niliacha mu jua, sawa vile niliacha kaburi ya Papa Léonard. Nilikuya hapa kukula samaki. Nilirudia saa tisa, nikakuta fissure. Nikapaka ciment juu kusudi musione." Nikaelekeza mkono kwa mjane. "Papa Léonard hakukatala kitu. Huyu mama hakufanya kitu. Ni mimi."

Kisha yule shangazi aliyepiga kigelegele siku ya kumwaga zege akauliza jambo nililokuwa naliogopa.

"Na mayi yetu ya Pweto, fundi? Ile mayi ilikuwa muzuri?"

Mzee Chomba aliinua macho. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili. Nikamtazama yeye, si shangazi.

"Mayi ya Pweto haina kosa," nikasema.

Mzee aliinuka kwenye kiti chake. Alikiendea kile kisanduku kilichopasuka, akachuchumaa kwa shida, akaufuata ufa kwa kidole kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Akakigusa na kile kizima. Alikaa hapo muda mrefu kiasi kwamba watu walianza kukohoa. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaenda barazani, na kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake, akauweka kwenye kiganja cha mjane.

"Shemeki," akasema, "ingia mu nyumba yako."

Bénie alikimbia kumbebea mama yake godoro. Mimi nilikuwa nikigeuza toroli langu niondoke nilipomsikia Mama Delphine ananiita. Alikuja hadi karibu, ili wengine wasisikie.

"Papa Abou. Siku ya baraka ulikuwa pale."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuangalia."

"Ndiyo, mama."

"Siku tano," akasema. "Nililala inje siku tano."

Akarudi, akafungua mlango wake, akaingia. Tangu siku hiyo ananisalimu vizuri kila tunapokutana, anamuuliza Mariam hali ya watoto, lakini hajapata kunikaribisha kiti, na mimi sijapata kulalamika.

Bamba nililivunja mwenyewe wiki iliyofuata, kwa nyundo. Mzee Chomba alikuja peke yake, akakaa pale kwenye ukingo wa kaburi la jirani alipokuwa amekaa mjane. Nilikuwa nimeshafika nusu aliponiuliza.

"Fundi. Ule siku uliniambia mayi inatosha."

Nikaendelea kugonga. "Ndiyo, papa."

"Ni jua tu njo ilipasua?"

Nikaiweka nyundo chini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, au kwa kitu kingine. Alikuwa mtu wa ziwa. Maji yalikuwa kitu pekee alichojua kwamba hakimdhuru mtu mwenye kiu. Nikamwambia, "Ni jua tu."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akavua koti, akaanza kukusanya vile vipande vya zege, kimoja kimoja. Nilimwambia aache, nitavitupa mimi.

"Usitupe. Uweke chini. Dalle ya mupya ikuye juu yake."

Nikafanya hivyo. Nilivipanga vipande vyote juu ya kaburi, vikubwa pembeni, vidogo katikati, nikavishindilia, hata vumbi lake nikalifagia nikalirudisha. Nikachanganya zege la bamba jipya. Nilipokuwa napima maji, mzee alisimama karibu akihesabu makopo kwa midomo bila sauti. Na uso uliposhika, yeye ndiye aliyetandaza magunia. Hakurudi Pweto wiki hiyo. Siku saba, asubuhi na jioni, alikuja makaburini na lile dumu lake la njano, limejaa maji ya bomba ambayo kaka yake aliyakunjia uso, akayamwaga juu ya magunia kwa uangalifu, bila kuruka pembe hata moja. Tulikuwa tukikaa pale wawili hadi jua lizame. Tuliongea machache sana, na nyufa hazikurudi.

Kazi ya makaburi iliniishia. Mtaani walinibandika jina, Fundi Fissure, na hata watoto walioanza shule juzi wananiita hivyo bila kujua kisa. Siku hizi najenga kuta na mashimo ya choo. Sijuti sana, ukuta haulii. Na kila mwaka, Oktoba ikifika, dereva mmoja wa lori alikuwa akinigongea geti na furushi la samaki wa kukaushwa kutoka Pweto. Hapakuwa na barua. Mariam alimpika na lengalenga, na mimi nilimla, ingawa tonge la kwanza kila mara lilipita kwa taabu.

Mwaka huu furushi halikuja. Juzi simu ikalia, namba nisiyoijua. Alikuwa Merdi, kijana wa Mzee Chomba. Baba yake amefariki, akasema. Wameshamzika, karibu na maji kama alivyotaka. Sasa wanataka kujenga kaburi.

"Papa alisema tukuite weye," akaniambia. "Tukamuambia: papa, ba fundi beko huku, juu ya nini tutafute wa Lubumbashi? Akasema hapana. Alisema: 'Mayi, musitie nyinyi. Ule fundi njo atapima.' Alisema vile mara tatu. Sisi hatukujua anataka kusema nini."

Niliketi juu ya toroli. Kumbe alijua. Alijua siku ile makaburini nilipoweka nyundo chini, labda alijua tangu kikaoni alipochuchumaa na kupitisha kidole kwenye ufa. Akaupokea uongo wangu kama nilivyompa, akarudi nao kwao, akaishi nao miaka saba na kunitumia samaki. Nilitaka kulia, na nikalia kidogo, mkono ukiwa umefunika simu.

"Fundi? Unasikia? Weye unajua juu ya nini alisema vile?"

"Najua," nikasema. "Ntakuya."

Mariam alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwonyesha kwa kidole lile kopo langu la kupimia, lililoning'inia kwenye msumari wake, akalishusha akaanza kulifuta vumbi kwa pindo la kitenge. Merdi alikuwa anauliza atayarishe nini kabla sijafika, kokoto kiasi gani, saruji mifuko mingapi. Nikamtajia. Kisha nikamwambia atafute na magunia manne mazito, ayafunge kwa jiwe, na ayaloweke ziwani.